Swali la Maziwa

Nyumbani,
19 Januari

Mwanangu Sentimita,

Hujambo? Mimi nipo. Ama baada ya salamu, nilirudi salama baada ya kukufikisha shuleni, na nyumba iko vile vile tulivyoiacha. Paka wa jirani bado anakuja kulala kwenye kiti cha mama yako, mbele ya cherehani. Sijamfukuza, na sijui kwa nini sijamfukuza.

Jana nilifungua droo ya cherehani kutafuta kiberiti, nikakuta karatasi zake za maswali. Miaka mitatu umekaa bweni, na miaka yote hiyo hakukosa kukutumia swali la wiki. Alikuwa anakaa pale na chaki nyuma ya sikio, anapima kitambaa, anaandika, anafuta, kisha ananiuliza, "Hili litamtoa jasho, au nimemwonea huruma?" Mimi najibu litamtoa jasho, hata sijasoma. Ndani ya droo kuna na kijitabu cha vipimo vyako tangu darasa la kwanza, mwaka huu sentimita moja, mwaka ule sentimita moja, mpaka akakupa jina. Sasa ni wiki ya sita tangu tumzike, na swali la wiki limebaki halina mwenyewe. Nimeona nilichukue mimi, nisije nikawa nakuandikia salamu tupu.

Usitegemee maswali ya sketi na marinda kama yake. Mimi ni mwendesha pampu, najua maji. Hili hapa: kwenye mtambo tunayo klorini yenye nguvu ya asilimia 10. Nataka kujaza pipa la lita 200 kwa dawa ya asilimia 2. Nichukue kiasi gani cha ile kali? Mimi nimepata 40.

Andika kwa mistari mitano kama alivyokuzoesha: Tumepewa, Tunatafuta, Kanuni, Kazi, Jibu. Najua matron wenu anafungua barua zote kabla hamjapewa, kwa hiyo nitaandika yanayoandikika.

Kula vizuri.

Baba yako


Bwenini,
28 Januari

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya. Swali lako halikunitoa jasho, pole.

Tumepewa: nguvu ya kwanza asilimia 10, nguvu ya pili asilimia 2, ujazo wa pili lita 200.
Tunatafuta: ujazo wa kwanza.
Kanuni: nguvu ya kwanza × ujazo wa kwanza = nguvu ya pili × ujazo wa pili.
Kazi: 2 × 200 ÷ 10.
Jibu: lita 40 za klorini kali, halafu unaongeza maji lita 160.

Wewe umeandika 40 tu. Arobaini nini, baba? Vijiko? Jibu lisilo na kizio mama alikuwa analiita umbea. Nimekukata alama moja.

Mwaka huu, kwa kuwa ni wa mtihani wa mwisho, tumepewa kazi. Kila mmoja awe na Daftari la Kanuni: kanuni za fizikia, kemia, jiografia, hesabu, hata za afya, zote kwenye daftari moja, na kila kanuni iwe na mfano wa maisha ya kweli, si wa kwenye kitabu. Mwalimu wa hesabu, tunamwita Kalamu Nyekundu, anasema ukiikariri kanuni bila kujua inafanya kazi wapi, siku ya mtihani itakukimbia. Kwa hiyo maswali yako nayahitaji kwelikweli. La klorini nimeshaliweka kwenye kemia. Nitumie la mwendo.

Habari zangu ni hizo hizo. Naamka, naoga, naenda darasani, nakula kinachowekwa. Wenzangu wananitazama wakisubiri nilie, na mimi sioni cha kulia kilipo. Ni kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini ukiubonyeza hausemi kitu. Ile sketi ya shule aliyokuwa anaishona siku ile naivaa hivyo hivyo. Pindo limeisha upande mmoja, upande wa pili nimelishika kwa pini nne. Matron ameniambia nilishone. Nimemwitikia, ndiyo matron, na pini bado zipo.

Binti yako,
Sentimita


Nyumbani,
9 Februari

Sentimita,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo. Alama yangu moja iliyokatwa nimeipokea shingo upande.

Kazini ni kule kule. Pampu namba mbili imeanza kukohoa, tumeifungua tukakuta mchanga. Nipo-Njiani, yule mwenzangu anayenipokea zamu, hajabadilika. Ukimpigia simu anasema yupo njiani, na nyuma yake unasikia redio ya nyumbani kwake. Pampu haiachwi bila mtu, unajua. Ikikauka inaungua, na ikiungua mji mzima unafungua bomba unatoka upepo, hospitali ikiwemo. Basi nakaa nasubiri. Siku hizi kusubiri hakuniumi, na sioni kinachoniuma. Wiki iliyopita nilishika bomba la moto, nikautazama mkono kwanza ndipo nikautoa.

Swali lako la mwendo hili hapa. Ni la maisha ya kweli, nimelipata kwa dereva mmoja wa maziwa.

Dereva yuko kiwandani. Saa 8:00 mchana anapigiwa simu kwamba shambani kuna maziwa, ayafuate upesi, yanaharibika. Shamba liko kilomita 12. Kwenda, gari tupu, ni kilomita 60 kwa saa. Kurudi kiwandani, barabara ile ile, ni kilomita 20 kwa saa, kwa sababu mzigo hautaki kutikiswa. Muda wa kupakia usiuhesabu. Maziwa yasipofika saa 8:40 ni ya kumwaga. Dereva huyu hakuondoka saa 8:00. Alisubiri dakika 22 mwenzake aje kumpokea zamu, ndipo akaondoka, na maziwa yakamwagwa.

Swali: kama angeondoka pale pale alipopigiwa simu, maziwa yangewahi?

Usiharakishe. Nataka mistari yote mitano.

Baba yako


Bwenini,
17 Februari

Baba,

Shikamoo. Afadhali safari hii umeleta swali lenye watu ndani yake.

Tumepewa: umbali kwenda na kurudi kilomita 24, mwendo wa kwenda kilomita 60 kwa saa, wa kurudi kilomita 20 kwa saa, kuondoka 8:00, mwisho 8:40.
Tunatafuta: saa ya kufika.
Kanuni: muda = umbali ÷ mwendo.
Kazi: wastani wa mwendo ni 60 + 20, gawa kwa 2, unapata kilomita 40 kwa saa. Kisha 24 ÷ 40 = saa 0.6, yaani dakika 36.
Jibu: angefika saa 8:36 mchana. Maziwa mazima, na dakika nne za kunyoosha miguu.

Kwa hiyo maziwa hayakuharibiwa na barabara wala jua. Yameharibiwa na dereva. Nimemgeuza huku na huku nimtafutie utetezi, hana. Mtu anaambiwa kitu kinaharibika, anakaa kumsubiri mtu wa zamu! Angefunga mlango akaondoka. Ningekuwa mimi mwenye kiwanda ningemfukuza siku ile ile, na ufunguo wa gari ningemnyang'anya mbele ya watu. Nimewasomea wenzangu baada ya chakula cha mchana, nikamwigiza dereva amekaa anatazama saa, tukacheka mpaka matron akagonga dirisha. Ni mara ya kwanza nimecheka tangu likizo, baba. Nilishtuka kuisikia sauti yangu.

Nimelinakili kwenye Daftari la Kanuni na mchoro wa gari juu. Mama angelipenda hili. Leta lingine la dereva yule, au ameshafukuzwa?

Binti yako,
Sentimita


Bwenini,
5 Machi

Baba,

Shikamoo. Zaidi ya wiki mbili hakuna barua. Majina ya wenye barua yanasomwa mchana penye foleni ya chakula, na mimi nasimama na sahani yangu mpaka jina la mwisho, halafu natafuta pa kukaa. Enzi za barua za mama sikuwahi kusubiri mpaka jina la mwisho.

Kama maswali yamekuishia, sema, nitakutungia mimi. Kama unaumwa pia sema. Usinifanyie kama mama, wa kusema ni uchovu tu.

Madaftari ya kanuni yamekusanywa, Kalamu Nyekundu anasahihisha. Kwenye jiografia tunaanza kusoma ramani wiki ijayo.

Binti yako


Nyumbani,
12 Machi

Sentimita,

Barua zako zote mbili nimezipata. Siumwi.

Jibu lako la maziwa nililisoma. Limepangika vizuri na kizio kipo. Nimelibandika ukutani kwenye chumba cha pampu, chini ya saa, na kila nikiinua macho kutoka kwenye geji naliona. Mkuu wa mtambo aliuliza ni kitu gani, nikamwambia ni kazi ya binti yangu. Akakusifia mwandiko.

Kuhusu dereva yule, ulisema kweli. Usijilaumu kwa ukali, hakuna aliyemwonea.

Nimemwandikia mkuu kuomba niondolewe kwenye pampu, nipelekwe stoo kugawa koki na misumari. Stoo hakuna mtu anayekungoja, na ukichelewa hakuna kinachomwagika. Amesema nifikirie mpaka mwisho wa Aprili. Mimi nimeshafikiri.

Siku ya wazazi sitafika. Nitamwomba shangazi yako aje badala yangu, kwa hiyo usinisubiri getini. Na swali la wiki tuliache. Nimeona mwalimu wako anakutosha.

Baba yako


Bwenini,
23 Machi

Baba,

Shikamoo. Matron akiisoma hii, aisome.

Jumatatu Kalamu Nyekundu alirudisha madaftari. Swali la maziwa amelipiga mkato mkubwa mwekundu, na pembeni ameandika: "Je, alitumia muda sawa kwenda na kurudi?" Nilinuna siku nzima, maana ndilo swali nililojivunia.

Jumatano, kwenye jiografia, tukagawiwa karatasi za ramani tupime umbali wa barabara. Barabara inapinda, rula haifai, kwa hiyo unalaza uzi juu yake unaufuata kila kona, halafu unaunyoosha uzi kwenye rula. Karatasi iliyonifikia mimi ilikuwa ya kwetu. Nikatafuta nyumbani. Nikatafuta mtambo wa maji, na hospitali iliyo ukuta kwa ukuta nao. Nikalaza uzi kutoka nyumbani mpaka pale. Sentimita 24. Kipimo cha ramani ni moja kwa elfu hamsini. Umbali wa ardhini ni umbali wa ramani mara kipimo: 24 × 50,000 ni sentimita 1,200,000. Kilomita 12.

Mwalimu akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

Hakuna maziwa, baba. Huyo mwenzake wa kumpokea ni Nipo-Njiani. Gari la wagonjwa lilikuwa bovu, jirani mwenye gari alikuwa safarini, tulikuwa na wewe tu na gari la kazini. Na mzigo usiotaka kutikiswa nilikuwa nimeupakata mimi kwenye kiti cha nyuma. Aliyekuwa anasema polepole, baba, polepole, ni mimi. Halafu nikakuandikia kwamba ufukuzwe kazi. Nikakuigiza mbele ya watu wakakucheka. Nisamehe. Neno hili nimeliandika kwenye karatasi nyingine mara nyingi ili nione kama litakuwa zito zaidi, lakini linabaki hivyo hivyo.

Sasa nisikilize, maana jibu langu lilikuwa na kosa. Huwezi kujumlisha mwendo wa kwenda na wa kurudi ukagawa kwa mbili, kwa sababu gari linakaa muda mrefu zaidi kwenye ule mwendo wa polepole. Kila safari inapigwa peke yake.

Kazi: kwenda, 12 ÷ 60 = saa 0.2, yaani dakika 12. Kurudi, 12 ÷ 20 = saa 0.6, yaani dakika 36. Jumla dakika 48.
Jibu: angefika saa 8:48 mchana.

Dakika nane baada ya mwisho, hata kama ungetoka mbio simu ikiwa bado sikioni. Ile 36 niliyokupa kama safari nzima, kumbe ni kurudi peke yake. Si zile dakika zako 22, baba. Bandua karatasi yangu ukutani.

Ila kuna kingine, na ndicho kilichonikalisha siku tatu na barua hii. Mstari wako wa Tumepewa haujakamilika. Kuna namba hukupewa.

Mama hakuanza kuumwa saa 8:00. Saa 8:00 ndipo nilipokupigia. Alianza saa 7:25, nina hakika, kwa sababu nilikuwa nafanya zoezi la grafu kwa kujipimia muda na saa ilikuwa mezani mbele yangu. Aliacha kushona, akashika kichwa, akasema mkono mmoja umekufa ganzi. Nikasema nimpigie baba. Akasema, "Baba yako yuko zamu, usimsumbue. Ni uchovu tu. Wewe malizia hesabu yako, mimi nijilaze." Nikamalizia hesabu. Zilikuwa nukta tisa. Nikazichora zote, nikaziunganisha, nikaandika na kichwa cha grafu juu, nikakipigia mstari. Ndipo nikaenda kumtazama.

Dakika 35. Nimezirudisha kwenye swali. Kama ningekupigia saa 7:25, ukamsubiri Nipo-Njiani dakika zako zote 22, ukaendesha zile 48, mama angefika saa 8:35. Dakika tano kabla. Nimepiga mara sita, inatoka hiyo hiyo. Dereva hana kosa. Kosa ni la aliyepiga simu.

Hiyo saa 8:40 sijui uliitoa wapi, sikumbuki mtu kuitaja. Nimeitumia kama ulivyonipa.

Sijalia bado. Shangazi akija nitampokea vizuri.

Binti yako


Nyumbani,
3 Aprili

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye chumba cha pampu, nikairudia, nikakaa chini sakafuni. Nilipofika pale ulipokipigia mstari kichwa cha grafu, nililia. Nililia kwa sauti. Nipo-Njiani, ambaye siku hiyo kwa maajabu alikuwa amewahi, alisimama mlangoni na kofia mkononi asijue aingie au arudi. Mwisho akaingia, akatazama geji kwa niaba yangu. Sikuwa nimelia tangu Desemba. Inauma sana, sikufichi. Hata ule mkono niliouchoma umeanza kuuma.

Nikaitafuta hasira yangu juu yako. Nimeitafuta siku mbili nzima na sijaiona. Nilichokikuta ni kingine. Unajua ni nani aliyemfundisha mama yako kutonisumbua nikiwa zamu? Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alipiga simu ya mtambo kuniuliza ufunguo wa kabati uko wapi. Nikamfokea mbele ya mafundi wote, kwamba zamu si mahali pa kupigiwa simu za ufunguo. Hakunipigia tena kazini miaka kumi na minane. Hata siku ile hakupiga yeye, ulipiga wewe. Hiyo nayo ni namba ambayo wewe hukupewa.

Uliniuliza saa 8:40 nimeitoa wapi. Siku ile tulifika saa 9:10. Jioni, walipokwisha kumfunika, muuguzi wa pale mapokezi aliniambia, "Mngemwahisha hata nusu saa." Nikatoa nusu saa kwenye saa 9:10. Ndiyo hiyo, hakuna zaidi. Nimeibeba miezi mitatu kama kitu kilichopimwa kwa mashine.

Jana, baada ya zamu, nilichukua karatasi zako zote mbili nikaenda hospitali. Nilimkuta muuguzi yule yule, anakunja mashuka. Nikamwuliza nusu saa ile aliipimaje. Hakunikumbuka. Nikamtajia siku, saa, gari, binti aliyekuwa amempakata mgonjwa. Alilikunja lile shuka mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine, ndipo akasema, "Baba, maneno hayo huwa yanatutoka. Mtu anakuuliza kama angewahi, na wewe unataka umpe kitu cha kushika. Mimi sijui kama nusu saa ingetosha. Huenda hata angeugulia hapa mlangoni isingetosha."

Nikamwuliza, kwa hiyo hujui?

Akasema, "Sijui. Na daktari ukimwuliza atakwambia hajui." Kisha akaniomba nimshikie pembe za shuka kubwa, tukalikunja wote wawili.

Basi nimekaa na kazi zetu, yangu na yako. Kanuni ni sahihi, umepiga sawasawa, vizio vipo. Lakini ile saa 8:40 hatukupewa na mtu yeyote anayejua. Ni maneno ya mtu aliyechoka, mimi nikayafanya namba nikakutumia mtoto wangu uyapigie hesabu. Ukiiondoa hiyo, zile dakika nane zangu zinaanguka, na zile tano zako zinaanguka. Swali hili mama yako angelifuta kabla halijaingia kwenye bahasha, na angenitazama vibaya. Sisemi kwamba sasa halitauma. Nasema halina jibu, kwa hiyo hatutalirudia tena, wewe mara sita na mimi kila nikitazama saa.

Karatasi ya ukutani nimeibandua. Barua yangu ya stoo nilikwenda kuiomba kwa mkuu, akaitoa kwenye droo, hajaipeleka popote. Akasema alijua nitairudia. Shangazi yako nimemwambia apumzike. Jumamosi ya wazazi zamu ni yangu, na Nipo-Njiani atanishikia tangu asubuhi. Nimemwambia siku hiyo akinijibu yupo njiani, nitafunga mlango niondoke na pampu iungue. Alidhani natania. Alipoona sitanii, alisema atalala mtamboni.

Nakuja na sindano na uzi wa rangi ya sketi. Tutakaa mahali tushone pindo hilo, hata likienda upande. Hizo pini nne umpe matron akae nazo.

Ila nakujua wewe na daftari lako. Utachukua umbali, utachukua mwendo wa basi, utakaa upige nitafika saa ngapi. Safari hii usipige hesabu. Kaa hapo getini tu. Nitafika.

Baba yako